Trekta la HP ngapi kwa kukata majani, kufunga beli na kulima? Niko Siha

MfugajiSanya

Wakuu, habari za jioni.

Nina ekari 40 juu ya Sanya Juu, upande wa kuelekea Ngarenairobi. Ekari 24 ni majani ya malisho ya Boma Rhodes, 12 ni mahindi na maharage kwa kupokezana, zilizobaki ni zizi, nyumba na korongo. Ng'ombe wa maziwa ninao 18, na majani yanayozidi nauza Machame na Boma Ng'ombe. Simu inaniambia shamba liko mita 1,420 juu ya usawa wa bahari. Udongo ni mzuri, ila mawe ya volkano yapo, mengine yamejificha kwenye majani, na kama theluthi ya shamba ina mteremko.

Miaka yote nakodi. Mwenye trekta anakuja akishamaliza kwa wakubwa. Akifika kwangu Rhodes imeshatoa maua zamani, shina limekuwa gumu, ng'ombe wanachambua majani na kuniachia vijiti kwenye hori. Mwaka huu masika yakiisha nataka nikate siku ninayotaka mimi.

Natafuta trekta moja la kazi zote: kukata, kureki (kukusanya majani mistarini), kufunga beli, kulima hizo ekari 12, na kuvuta trela la majani mpaka Boma Ng'ombe. Bajeti milioni 50, na vifaa viwe humo humo. Nimeona haya:

Massey Ferguson (MF) 290 mtumba, limetoka Uingereza, linavuta nyuma tu. New Holland TT75, limetumika hapa hapa nchini kwenye shamba la ngano. La tatu ni jipya la kutoka India, HP 50, fo wili (tairi zote nne zinavuta), lina waranti.

Jirani anasema chini ya HP 90 nisijisumbue. Shemeji anasema 50 inatosha na chenji inabaki. Mnishauri.

KakaDizeli

Sikiliza jirani. Nguvu haijawahi kumkera mtu. Ukinunua dogo utauza kwa hasara mwakani, utarudi hapa kutuuliza tena.

Mzee wa Beli

Kijana, jirani anakuuzia hofu. HP 90 kwa ekari 24 za majani ni kuchemshia chai ya mtu mmoja kwenye sufuria la harusi. Chai itaiva, ila hesabu kuni.

Mimi kazi yangu ni kukatia watu majani na kuwafungia beli, Siha na Hai. Sisi hatuanzi na trekta. Tunaanza na kile kitakachofungwa nyuma yake, halafu tunauliza hicho kinataka nini.

Moa kwanza, yaani mashine ya kukata majani. Kwa hayo mawe yako, moa ya diski waachie wenye mashamba ya tambarare yaliyosafishwa. Ile ina gia zilizopangana ndani ya sanduku la chuma linalotambaa chini kabisa, na jiwe likiligonga vibaya unafungua sanduku zima. Wewe tafuta ya madramu mawili, upana wa mita 1.65. Dramu zinazungushwa na mikanda. Zikikutana na jiwe, kisu kinajikunja nyuma kwa sababu hakijakazwa, na ikizidi mkanda unateleza. Unashuka, unageuza kisu upande wa pili, unaendelea. Slasha usiihesabu kabisa kama moa. Slasha ni ya vichaka na mabua ya mahindi. Majani inayachanachana, reki inayaruka, beila inayaruka, na ulichopanda kinabaki chini kinaoza.

Dramu ya mita 1.65 haina makuu, HP 35 mpaka 40 kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) inaenda. Ukitembea kilomita 8 kwa saa, kwa karatasi unakata ekari tatu na kitu kila saa. Toa kugeuza kwenye kona, toa kutoa mawe, toa kubadilisha visu, zinabaki mbili na nusu hivi. Ekari zako 24 ni siku moja ya kujitesa au mbili za kistaarabu. Hiyo siyo kazi ya kununulia HP 90.

Ila hizo HP nilizotaja ni za kwenye PTO, kule nyuma shafti inapochomekwa. Za kwenye kibandiko cha boneti ni nyingine. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 kila ukipanda mita 300, kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi. Hapo ulipo, kama asilimia 14 imeshaondoka kabla hujafunga chochote. Hiyo 50 ya shemeji inabaki 43. Kutoka injini mpaka PTO toa tena asilimia 12 au 15, unabaki na 37. Itakata, sikatai. Lakini Rhodes iliyolala kwa mvua, unapanda mteremko, na kisu kimeanza kuwa butu, hapo utasikia inavyolia. Ulizia kama hilo jipya lina tabo, maana tabo inasukuma hewa yenyewe na hesabu yangu hapo inalegea. MF 290 ni karibu HP 80. Fanya hesabu ile ile, PTO inakaribia 60. Hapo una akiba.

Beila ndiyo inayotaka uzito. Beila ya beli za mstatili ina pistoni inayopiga mara themanini na zaidi kwa dakika, na kila pigo linarudi kwenye trekta. Trekta la tani mbili linatikiswa mbele na nyuma kutwa nzima, dereva anashuka jioni kiuno hana. 290 ina tani mbili na nusu na ushee, inatulia.

Sasa kitu ambacho mimi nakitazama kabla ya HP, na ndicho watu hawaulizi dukani: klachi. Unafunga beli, umefika mahali msululu wa majani ni mnene, mdomo wa beila umejaa. Unachohitaji ni trekta lisimame lakini PTO iendelee kuzunguka, beila imeze, ndiyo uondoke. Klachi ya hatua mbili inakupa hilo: ukikanyaga nusu trekta linasimama, ukikanyaga mpaka chini PTO nayo inasimama. Yapo matrekta ambayo PTO ina mkono wake peke yake, hayo ni bora zaidi. Lakini trekta ambalo kila ukigusa klachi kila kitu kinasimama, hilo ni la kuvuta trela.

Kuna msimu nilikodi moja la namna hiyo, kampuni sitaitaja. Rangi inang'aa, fo wili, kiti cha mkurugenzi. Kila msululu mnene beila inasimama imeuma majani, tunazima injini, utingo anaingia kuchomoa kwa mikono, tunawasha, hatua kumi tena imeuma. Wingu linakuja kutoka Meru na majani ya mteja yako chini yamekauka vizuri. Nililirudisha kwa mwenyewe shamba likiwa halijaisha nikaleta langu la zamani lisilo hata na taa.

Kwa hiyo kwako: HP 65 mpaka 80, klachi ya hatua mbili au PTO inayojitegemea, sehemu ya kuchomeka mipira ya haidroliki nyuma angalau jozi moja, na spea unazozipata Moshi au Arusha jioni ile ile. 290 ikiwa nzima inakufaa. TT75 nayo haina ubaya, ila iulize klachi kwanza.

Na milioni 50 usizimalize kwenye chuma chenye tairi. Weka pembeni za moa na reki. Reki ya magurudumu ya vidole haitumii PTO kabisa, ardhi ndiyo inaizungusha, hata pikapiki ingeivuta kama ingekuwa na ubavu. Beila endelea kukodi. Watu wa beila tupo na majani yakishakauka mstarini yanaweza kutungoja siku mbili tatu kama hakuna mvua. Anayekuharibia majani ni yule wa kukata, anayekuja wiki tatu baada ya maua. Yeye ndiye unayemnunulia trekta.

KakaDizeli

Mzee umeandika kitabu. Na kulima je? Huyo 290 atavuta diski ngapi?

Mzee wa Beli

Tatu. Kwa udongo wa Siha anavuta plau ya diski tatu bila ugomvi, kama ekari moja kwa saa, pungufu kidogo kwenye mteremko. Ekari 12 mara moja kwa mwaka, au mbili. Ndiyo maana sijaanza na kulima. Watu wananunua trekta kwa ajili ya plau inayofanya kazi wiki moja, halafu wanateseka nalo miezi kumi.

MfugajiSanya

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili na nimempelekea shemeji, kanyamaza. Maswali mawili: kwa mteremko, si fo wili ingekuwa salama zaidi? Na nani anaweza kunipa vitu vya kukagua kwenye hilo la mtumba? Jumamosi naenda kuliona.

Mkulima_Njoro

Salamu kutoka Njoro. Nijibu hiyo ya fo wili, kwa sababu tunayo yote mawili hapa na huwa tunabishana.

Kwa kukata na kufunga beli kukiwa kukavu, sioni fo wili ikikusaidia sana. Inasaidia kwa kulima kwenye tope na kupanda na mzigo. Tena ukisahau kuitoa unapogeuza mwisho wa mstari, tairi za mbele zinachimba na kung'oa Rhodes, na sehemu hiyo inabaki upara msimu mzima. Kama utainunua, dereva azoee kuitoa kila anapoingia kwenye majani.

Usalama wa mteremko ni upana na uzito, ndugu yangu. Nyingi za Massey unaweza kugeuza rimu za nyuma, tairi zikakaa mbali. Fanya hivyo msimu wa majani, uzirudishe ukitaka kulima kwa sababu tairi ya kulia inapaswa kukaa ndani ya mtaro. Jaza maji tairi za nyuma robo tatu. Moa ya dramu inaning'inia upande wa kulia, karibu kilo 400, kwa hivyo ukikata kwa kukingama mteremko hakikisha moa iko upande wa juu. Ikikaa upande wa chini inakuvuta nayo. Na ile fremu ya chuma nyuma ya dereva, ya kumkinga trekta likipinduka, kama imekatwa ili trekta liingie banda fupi, rudisha. Wengi huikata.

Kitu kingine, rejeta. Mbegu za Rhodes ni nyepesi na zina manyoya, zinanyonywa na feni zinajaza rejeta mpaka inaonekana kama blanketi. Injini inachemka saa nane mchana na watu wanaanza kulaumu pampu ya maji. Funga wavu laini mbele, uukung'ute kila ukijaza dizeli, na jioni puliza rejeta kutoka upande wa feni kuelekea nje. Ukipuliza kutoka mbele unazisukuma ndani.

Fundi Spana

Kwa kukagua 290, mwambie muuzaji mapema kwamba asiliwashe siku hiyo. Fika, shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameshakuficha kitu. Perkins, injini ya hilo 290, ikiwa nzima inawaka baridi bila kusumbua hata huko kwenu asubuhi. Moshi mweupe kidogo unaoisha ni sawa. Wa bluu unaoendelea, inakula oili. Ikishapata moto fungua kifuniko cha kujazia oili: kupumua kidogo ni kawaida, ikipuliza kwa nguvu kama inavuta sigara, ringi zimechoka.

Oili ya gia ichungulie na kijiti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwenye Massey oili hiyo ndiyo ya haidroliki pia. Funga kitu kizito kwenye mikono ya nyuma, plau ikiwezekana, inua, zima injini, nenda kaongee bei. Ukirudi tazama imeshuka kiasi gani. Tikisa usukani, tikisa tairi za mbele. Angalia pale injini inapoungana na gia kama pamewahi kupasuka na kuchomelewa. Saa za kazi kwenye dashibodi usiziamini. Amini pedali za breki na klachi, chuma kimelika kiasi gani.

Kubwa zaidi: uliza kama lina Multi-Power. Matrekta mengi ya Massey ya Uingereza yanayo, ni swichi ya kubadilisha kasi bila kukanyaga klachi. Kwenye kukata majani ni raha, ukikuta sehemu nene unashusha kasi na PTO inabaki pale pale. Lakini ikiwa kwenye kasi ya chini injini HAIKUSHIKI kwenye mteremko. Trekta linateleza huru kama umeweka nyutro. Barabara ya kushuka Boma Ng'ombe na trela la beli, iweke kwenye kasi ya juu na gia ndogo, na pedali mbili za breki zifungwe pamoja kwa ile komeo yake. Dereva mpya asikabidhiwe trekta kabla hajaelezwa hilo.

Na karatasi: namba ya chesisi ilingane na kadi ya usajili. Usilipe hata kishika uchumba bila hiyo.

MfugajiSanya

Nimerudi na majibu. Injini ilikuwa baridi kweli, ikawaka mara ya kwanza. Moshi mweupe ukaisha. Kifuniko cha oili kinapumua kidogo tu. Oili ya gia safi. Klachi ni ya hatua mbili, nimeijaribu mwenyewe nikiwa nimekaa juu, shafti inaendelea kuzunguka trekta likiwa limesimama. Multi-Power haina. Fremu ya nyuma imekatwa, kama alivyosema ndugu wa Njoro.

Tatizo: tuliinua plau, tukazima, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi plau iko chini kabisa. Muuzaji anasema ni kawaida ya Massey za zamani. Ni kawaida?

TT75 nimeiona pia. Nzuri, ila tairi za nyuma zote zimekwisha na bei yake inakula hela ya moa.

Fundi Spana

Ni kawaida kama vile kuumwa jino ni kawaida kwa mzee. Sili ya silinda ya kuinulia imechoka, au vali. Inafanyiwa kazi, inabidi kufungua kifuniko cha juu pale chini ya kiti, siku moja au mbili kwa fundi anayezijua. Isikukimbize, ila ishushe bei. Mwambie ama aitengeneze yeye kabla hujalipa, ama utoe gharama ya fundi na spea kwenye bei, na fremu mpya ya kuchomelea juu yake. Nayo isiwe ya bomba la uzio, iwe ya chuma kizito iliyofungwa kwa bolti kwenye ekseli.

Mzee wa Beli

Nakubaliana na fundi. Kwa kukata, hiyo hitilafu haikuzuii sana kwa sababu dramu zikiwa kazini zinakaa chini zenyewe, mikono haibebi. Inakusumbua barabarani na kwenye kulima. Moa ukiihamisha ikunje nyuma, uifunge na pini na mnyororo, usiiachie haidroliki peke yake hata likiwa trekta jipya.

Kabla hujalipa omba jambo moja tu: lifungwe kitu chenye kazi kwenye PTO. Mashine ya kupukuchua mahindi, slasha, chochote. Lizungushe mpaka mshale ufike alama ya 540, liache hapo dakika kumi na tano na mzigo. PTO ikizunguka bure kila trekta ni zima. Ukiona mashine inapungua kasi huku mshale haushuki na injini haizidiwi, klachi ya PTO inateleza, hiyo ni kugawa trekta katikati na siyo kazi ya siku moja. Na mtu yeyote asikae karibu na shafti akiwa na shuka, koti refu au kamba mkononi. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde, nguo ikishikwa huna muda wa kupiga kelele. Plastiki ya kufunika shafti ikiwa imevunjika nunua mpya kabla ya dizeli.

Moa kuna jamaa wa Lawate anauza ya dramu mbili, nimeiona. Chuma kizima, visu vipya, ila mikanda imeanza kupasuka. Mpunguzie kwa ajili ya mikanda na uibadilishe yote kwa mpigo. Ukiweka mmoja mpya kati ya ya zamani, huo mmoja ndio utakaobeba kazi yote na utakatika kabla hujamaliza ekari ya kumi. Hela ikipungua hapo, ongea na EFTA, wao wanakopesha mashine na dhamana inakuwa mashine yenyewe.

MfugajiSanya

Asante mzee. Muuzaji amekubali kutengeneza haidroliki kwa gharama yake na kufunga mashine ya kupukuchua Alhamisi. Mikanda naagiza Moshi kesho, nitumieni saizi kama kuna anayeijua.

Mzee wa Beli

Usiagize kwa kukisia. Vua mmoja wa zamani, namba iko mgongoni. Ikiwa imefutika peleka mkanda wenyewe dukani wapime.